Mkia wa Re: Siku Kumi za Kusaka Maandishi, Tanga hadi Kizimkazi

Siku ya 1. Tanga hadi Mombasa

Nimetoka nyumbani na mabegi mawili. La nguo ni jepesi. La pili mume wangu analiita jeneza: vipande viwili vya plaiwudi vilivyoungwa kwa kitambaa na gundi, vikafungwa mkanda, na katikati karatasi nyeupe za kulazia vitu visikunjike. Humo mna kioo cha kukuzia, rula, penseli laini, na bahasha moja ya plastiki ambayo sijathubutu kuiacha juu ya kiti.

Mpakani Horohoro afisa aliifungua ile bahasha. "Hiki kitambaa ni cha nini, dada?" Nikamwambia ni urithi. Akakigeuza mara mbili, akaona hakitozeki ushuru, akanirudishia kwa ncha za vidole kama aliyeokota nepi.

Ni ukanda uliokatwa kwenye leso kuukuu, yaani kanga, wekundu wake umeshakuwa rangi ya tofali. Upande wa kushoto pindo lipo zima. Upande wa kulia hakuna pindo, ni nyuzi zinaning'inia. Juu yake kuna jina la leso, yaani maneno yake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama yalivyoandikwa kabla herufi za Kizungu hazijashika. Na kwa kuwa Kiarabu husomwa kuanzia kulia, kilichopotea ni mwanzo. Limebaki neno *haina*, kisha be (b ya Kiarabu) mbili zilizoshikana.

Kwetu kila mtu anajua inavyosomeka: *Nyumba haina bibi.* Leso ilikuwa ya mama yake bibi yangu. Alipoachika, mama husimulia, aliivaa akapita mbele ya nyumba ya mumewe, akaenda hadi mwisho wa mtaa, akarudi, hakutamka neno. Hadithi hii imeozesha mabinti wanne wa ukoo wetu, maana kila mkwe huhadithiwa ili ajue anaingia wapi.

Naipenda. Ila hiyo nyumba mimi sijawahi kuiona kwenye kitambaa.

Niseme na kazi yangu, kwa sababu ndiyo iliyoniambukiza ugonjwa huu. Natoa kopi, nachapa kadi za harusi na vipeperushi. Kutwa nashinda na herufi za watu. Watu husahau vitu juu ya mashine: risiti ya 1970 na kitu, tiketi ya taarabu, kalenda ya duka lililokufa, juzuu yenye jina la mtoto ubavuni. Nikaanza kuviweka kwenye faili, kisha kwenye faili la pili. Sikusanyi vya bei. Nakusanya vile ambavyo mtu amehangaika na herufi.

Likoni jioni, watu wamejaa kivukoni, joto, na jeneza langu kifuani. Nimelala kwa shangazi, Majengo.

Siku ya 2. Mtaa wa Biashara

Nimeingia duka la tatu, yale mawili ya kwanza yalinichoka. Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliniona ninazigeuza leso kichwa chini, nazisoma kwa kioo, wala sitazami rangi.

"Wataka ya kuvaa ama ya kusoma?"

"Ya kusoma, baba."

Akacheka, akavuta kiti.

Siri yangu ya dukani ni hii: ukitaka kujua kama maandishi yametoka kwenye kompyuta au mkononi, tafuta herufi moja inayojirudia, uzilinganishe. Mashine haichoki. Leso za sasa nyingi, A zote ni pacha. Lakini chini ya rafu alikuwa na bunda la zamani lisilouzika, limepauka kwenye mikunjo, na humo nikaipata WEMA HAUOZI. Neno fupi, nafasi kubwa. Aliyelichora akazinyoosha herufi ili zijaze kisanduku, zimekaa kama watu wachache kwenye jamvi la arusi. A ya WEMA ina kijiti cha kati kilichoshuka karibu na miguu. A ya HAUOZI kijiti kimepanda. Z imelala kidogo. Na O, nikaipima kwa rula, si duara kamili, kushoto imebonyea kama pera lililoanguka.

Ya pili ilikuwa kinyume chake: MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE. Huyu alianza kwa raha, M yake pana imetanua miguu, akafika MGUU akaona mwisho wa kisanduku unakuja. HUOTA imebanwa. TENDE imebanwa zaidi, zile E mbili zimekonda, na vijiti vya ile ya kwanza vinagusana na N. Kila mtu aliyewahi kuandika ubao wa tangazo kwa mkono anaijua hofu ile. Niliipenda TENDE kuliko leso nzima.

Nyingine zilikuwa na alama K.H.E. – Mali ya Abdulla, ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo watu wengi wa pwani huitaja kuwa ndiyo iliyoanza kuweka majina kwenye leso mapema karne ya 20. Muuzaji hakutaka kubishana hilo. "Kila mwenye duka mtaa huu," alisema, "babu yake ndiye wa kwanza."

Nilipomuuliza kama naweza kununua jina tu, akate ule ukanda abaki na nguo, alinyamaza muda. Kisha: "Mwanangu, leso bila jina ni shuka." Nikanunua nzima, mbili, kila moja na mwenzake.

Siku ya 3. Mji wa Kale

Asubuhi Fort Jesus, haraka haraka. Ngome ya Wareno ya 1593, na ndani kuna ukuta waliouchora askari wao kwa mkaa na udongo mwekundu, merikebu na watu. Ni michoro ya watu waliochoka kukaa kwenye joto. Nilisimama pale kuliko nilivyosimama penye mizinga.

Mchana ndio uliokuwa na riziki. Kwenye uchochoro nyuma ya msikiti kuna mzee anayeuza birika za shaba, saa zisizotembea, na sanduku la vitabu ambalo mchwa wamekwisha kula kodi yao. Nikatoa Barzanji, maulidi iliyochapwa Bombay, jalada hakuna, karatasi rangi ya chai. Kila ukurasa una fremu ya mistari miwili na ndani yake maandishi ya naskhi, mwandiko wa vitabu, yaliyotulia.

Nikaipapasa karatasi kwa nyuma. Kitabu kilichopigwa kwa herufi za risasi, ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa unahisi vijivimbe, kwa sababu chuma kimekandamiza karatasi. Hapa palikuwa laini. Nikatoa kioo, nikatafuta nuni, n ya Kiarabu. Ya kwanza ina tumbo, ya pili imefungwa zaidi, ya tatu nukta imekimbilia kulia. Hakuna zinazofanana. Basi ni chapa ya jiwe.

Chapa hii ilivumbuliwa na Mbavaria, Alois Senefelder, mwaka 1796, na matbaa (viwanda vya uchapaji) za India zikaifanya yao. Mwandishi huandika kwa wino wenye mafuta, kwa kalamu yake ya kila siku. Maandishi huhamishiwa kwenye bamba la jiwe la chokaa. Jiwe hulowanishwa maji, kisha hupakwa wino: palipo na mafuta pananasa, palipo na maji panakataa. Ukibana karatasi juu yake, mkono wa yule mwandishi unatoka kama ulivyo, kutetemeka kwake kumo, mara mia kadhaa. Ndiyo maana vitabu hivi vilipendwa na watu waliozoea miswada. Herufi za risasi, kwao, zilikuwa kama sauti ya mtu aliyebanwa pua.

"Ni cha babangu," alisema mzee nilipouliza bei. Nikamwambia basi asiuze. "Nauza. Nakwambia tu ujue." Tulibishana bei hadi adhana ya alasiri, nikalipa zaidi ya nilivyopanga.

Jambo moja alilonifundisha bila kukusudia. Nilimwonyesha leso yangu, akasoma bila kusita, "haina bibi," kisha akaongeza, "ama vyovyote." Vyovyote vipi? Akasema Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v wala g. Waswahili wa zamani waliandika be, msomaji akachagua mwenyewe kama ni b au p. Alinikumbusha kwamba Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 papa hapa Mombasa, alishughulika na jambo hilo, akiongeza nukta ili p isisomwe b. "Lakini leso yako," alisema, "yule mtu hakuongeza."

Sikulala vizuri.

Siku ya 4. Njiani

Mombasa, Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, Mokowe. Vizuizi vya polisi, vitambulisho mkononi, kila mtu chini, kila mtu juu. Dereva alitaka jeneza liende kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu. Nikalipia kiti cha pili.

Mokowe tukapanda boti. Lamu jua linazama.

Siku ya 5. Lamu

Nitaanza na karatasi, maana asubuhi nilipata mbili za bure. Ya kwanza ni kalenda ya duka, imechapwa rangi nne, juu yake Bismillahi iliyoandikwa kwa umbo la jahazi: alifu na lamu ndizo milingoti, sini imetandazwa ikawa tanga, ubavu wa chombo ni maneno ya mwisho. Ya pili ni kadi ya harusi, majina ya bwana na bibi harusi yameandikwa yakitazamana kama kwenye kioo, moja linasomeka, la pili ni kivuli chake. Mtindo huo wa kioo ni wa zamani katika khati, sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, na mimi mwenye programu tatu za kuchorea kwenye kompyuta sijawahi kuuthubutu kwenye kadi ya mteja. Nitathubutu.

Ubao wa kinyozi karibu na forodhani umenichekesha: KINYOZI kwa herufi za Kizungu, lakini mchoraji kazipinda, kazivika nukta zisizo na kazi, kampa Y mkia mrefu. Ukiutazama kwa mbali ni Kiarabu. Ukisogea, ni herufi za Kizungu zimevaa kilemba. Nimeuchora kwenye daftari, maana ubao haubandukiki.

Nilielekezwa kwa maalim mmoja anayefundisha watoto na kuandika hati kwa waombao. Nilimkuta barazani. Nikamwamkia, nikasimama.

"Ndoo, mwanangu. Keti."

Nikamweleza. Akautandaza ukanda wa leso juu ya goti lake, akautazama bila kusema. "Mato yangu yamekwisa. Nipa kioo."

Kwanza hakusoma. Aliangalia unene wa herufi. Mwenye kalamu ya mwanzi, akasema, ncha yake imekatwa mshazari, kwa hiyo mstari wa kwenda huku ni mnene na wa kwenda huku ni mwembamba, haiepukiki. Hapa unene ni mmoja kotekote. "Huyu hakuandika. Amechonga." Mtu aliyechonga kibao cha kupigia chapa, labda hata Kiswahili hakujua, amefuata mchoro aliopewa.

Kisha akasoma. "Haina."

"Naam, maalim. Haina bibi."

"Yaweza kuwa bibi. Yaweza kuwa pepe. Yaweza kuwa pembe."

Wazee, akaeleza, hawakuiandika m inayotangulia b. Waliiacha kinywani mwa msomaji. Be moja ilibeba b, na p, na mb. Mwenye kujua lugha hakuhitaji zaidi, na asiyejua lugha hawakumwandikia yeye.

"Na mbele yake palikuwa na neno gani?" akauliza.

"Nyumba."

Akanirudishia kioo, akaweka ukucha wa kidole cha shahada palipochanika, chini ya mstari. Palikuwa na alama niliyoiona maisha yangu yote nikaidhania doa: kipande cha rangi nyeusi, chembamba, kimepinda kama ukucha uliokatwa, kinashuka kuelekea kushoto.

"Hii ni nini?"

Sikujibu.

"Mkia," akasema. "Nyumba inaishia na be. Be hulala juu ya mstari kama mtumbwi, nukta yake chini. Haishuki. Tangu lini nyumba ikawa na mkia?"

Akaitisha kalamu. Akaichonga upya mbele yangu kwa kisu kidogo: mkato mmoja mrefu wa mshazari, akakipasua kipua katikati, akakilaza juu ya kipande cha mfupa akakikata ncha kwa mara moja, tak. Akachovya kwenye kidau. Akaweka nukta kwanza, mraba uliosimama kwa pembe, kisha ya pili na ya tatu juu yake. Nukta ndiyo rula ya mwandishi: urefu wa alifu, kina cha nuni, vyote hupimwa kwa nukta za kalamu ile ile, kanuni inayonasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad zaidi ya miaka elfu iliyopita. Akaandika *nyumba*. Imelala. Akaandika *duara*, dali, wau, alifu, re. Re ikashuka chini ya mstari kwa mkia uleule wa leso yangu.

"Duniya duara, haina pembe," akasoma.

Kisha, kwa uaminifu wa mtu wa elimu, akaandika neno jingine. "Ama *bahari haina pembe*. Nayo ina re."

Nikamuuliza yeye anaona ipi. Akasema yeye anaona mkia tu.

Hakutaka malipo. Alichukua leso ya pili ya WEMA HAUOZI, ile pacha, kwa mkewe.

Siku ya 6. Siyu, au karibu na Siyu

Nilitaka kuiona Siyu kwa sababu katika karne ya 18 na ya 19 mji huu mdogo wa kisiwa cha Pate ulikuwa ukinakili misahafu. Msahafu wa Siyu unautambua: weusi, wekundu na manjano, mapambo mazito pembeni, na mwandiko mnene unaokwenda kwa lafudhi yake wenyewe, si wa Misri wala wa Istanbul. Waliifanya kazi ile bila matbaa, kitabu kimoja kimoja, na kuviuza nje.

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya abiria mmoja na mbuzi wake. Maji hayamngoji mtu. Kabla ya kufika, katikati ya mikoko, boti ikasugua mchanga, ikaegemea ubavu, ikatulia. Tumepwelewa. Nahodha akazima injini, akatandika tanga la kivuli, akalala. Mbuzi naye akalala.

Saa nne tumekaa pale, na ndizo saa nne zenye faida kuliko zote za safari hii.

Nilikuwa sina la kufanya, nikatoa leso ya MDHARAU MWIBA na rula. Kutoka ukingo hadi ukingo: sentimita 150. Kutoka ukingo wa kushoto hadi herufi ya kwanza, na kutoka herufi ya mwisho hadi ukingo wa kulia: sawa sawa. Bila shaka. Jina hukaa katikati ya mji, yaani uwanja wa ndani ya pindo. Mimi mwenyewe kila siku nabonyeza kitufe cha kuweka maneno katikati.

Nikatoa ukanda wa urithi. Kutoka pindo la kushoto hadi palipochanika: 75.

Nikapima tena. Sabini na tano, na nyuzi.

Si kipande kilichochanika ovyo. Ni nusu. Mtu aliikunja leso nusu kwa nusu, akakata kwenye mkunjo. Labda waligawana ndugu wawili, labda ilikuwa ni kanga ya kumfungia mtoto. Lakini ikiwa leso imekatwa katikati na jina lilikaa katikati, basi maneno yaliyopotea yana urefu uleule wa maneno yaliyobaki. *Haina* na zile be mbili zinachukua sentimita 18. Upande wa pili palikuwa na sentimita 18.

Nikachukua penseli na karatasi, nikaandika kwa ukubwa uleule, herufi zilezile za mchongaji, unene mmoja. *Nyumba* peke yake: 8. Hata ukiinyoosha mpaka ilie, 10. *Bahari*: 9. *Dunia duara*: 17 na nusu.

Nilimwamsha nahodha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatazama maji. "Yanajaa," akasema. Sijui kama alikuwa ananijibu.

Siyu tulifika jioni, nikaona ngome kwa nje, magofu, na watoto walionisindikiza hadi kwenye boti ya kurudi. Msahafu sikuuona hata mmoja. Wakati wa kurudi mvua ikapiga, na jeneza likavuja kwenye bawaba. Kalenda ya jahazi imelowana, rangi ya bluu imetembea mpaka kwenye mlingoti. Barzanji ilikuwa ndani ya nailoni, alhamdulillahi. Ukanda niliuvaa tumboni, chini ya nguo.

Siku ya 7 na ya 8

Mokowe, Mombasa, Tanga. Nikaoga kwangu, nikaanika karatasi sebuleni chini ya feni, mume akawa anatembea kwa vidole. Mama alikuwa msibani Pangani, sikumwambia kitu. Asubuhi Dar, mchana boti ya Unguja.

Siku ya 9. Unguja

Nimepigwa. Naandika niikumbuke.

Mtu mmoja, jina lake na pahala pake havina haja, aliniahidi kwa simu wiki mbili kabla kwamba ana stempu ya kosa. Historia yake ni tamu. Novemba 1895 posta ya Zanzibar ilipotoka mikononi mwa posta ya India, stempu zake zilikuwa hazijafika, basi wakachukua stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria wakazipiga juu neno *Zanzibar* hapa hapa kwenye matbaa ya gazeti la Zanzibar Gazette. Kazi ya haraka, herufi ndogo za risasi, mpangaji anasoma kinyume. Zikatoka *Zanzidar*, zikatoka *Zanibar*. Kwangu mimi kosa lile ni zuri kuliko stempu yenyewe: b na d ni herufi moja iliyogeuzwa, na mpangaji wa herufi za risasi huziona kama kwenye kioo. Nimewahi kulifanya mwenyewe kwa muhuri wa mpira.

Nililipa, nikatoka, nikaketi Forodhani na kioo. Stempu ilikuwa na muhuri wa posta, duara jeusi. Na neno *Zanzidar* lilikuwa limepita *juu* ya wino wa muhuri.

Haiwezekani. Neno hupigwa kabla stempu haijauzwa, muhuri hupigwa siku barua inapotumwa. Muhuri ndio ungekuwa juu. Mtu alichukua stempu ya India iliyokwisha kutumika, juzi tu pengine, akaiongezea. Nilirudi, duka limefungwa. Nimeiweka kwenye faili vilevile, ukurasa wa mwisho. Aliyeighushi naye amehangaika na herufi.

Faraja niliipata kwa bibi mmoja wa Mkunazini aliyeniuzia bahasha ya 1964, stempu ya Sultani imepigwa juu JAMHURI 1964 kwa muhuri wa mkono. Imeenda upande, J imekosa wino, H imepiga mara mbili. Serikali ilikuwa na umri wa siku chache, karatasi zote zina picha ya jana, mtu kapewa muhuri na rundo, kaambiwa piga. Unauona mkono wake ukichoka.

Mchana nikaenda Nyaraka, Kilimani, ambako hununui kitu, unatazama. Nilitaka kuona kazi ya matbaa ya Sultani Barghash. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alianza kuchapisha humo Qamus al-Sharia, kazi ya fiqhi (sheria ya Kiislamu) ya madhehebu ya Ibadhi yenye juzuu takriban 90, na hakuimaliza. Kwa macho yangu ya dukani: mistari imenyooka, nuni zote ni pacha. Baada ya Barzanji ya Bombay niliona ubaridi kidogo.

Siku ya 10. Kizimkazi

Daladala ya asubuhi, saa nzima na zaidi, muhogo wa kuchoma njiani.

Msikiti ni mdogo, bati juu, ungepita usiutazame. Mlinzi alinifungulia, nikavua viatu, nikajitanda vizuri. Kibla kina ukanda wa maandishi ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, uliochongwa kwenye matumbawe, tarehe yake mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jengo limejengwa upya baadaye, maandishi yamebaki. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiislamu ya kale kabisa pwani hii.

Nilikaa chini. Kufi ya namna hii herufi husimama wima, pembe kali, na zinapofika juu au mwisho huota: alifu inatoa jani, mkia unapanda badala ya kushuka, unajikunja ukawa ua. Nukta haina. Be, te na nuni ni jino moja lilelile, na waliosoma walijua. Nikamkumbuka maalim na kinywa chake cha msomaji. Nilichora herufi saba kwenye daftari, ya nane mkono ukatetemeka.

Nje, chini ya mti, nikampigia mama. Alikuwa amerudi kutoka msibani. Nikampa yote kwa mpangilio: mchongaji, be, mkia wa re, sentimita 75, sentimita 18, nyumba haitoshi, bahari haitoshi. Dunia duara, haina pembe.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo wewe unasema," mama akasema, "mama yake bibi yako alipita mbele ya nyumba ya mumewe, mtaa mzima unatazama, amevaa jiografia?"

"Mama, mimi nasema herufi..."

"Na huyo fundi wa zamani, nani alikwambia alikuwa na rula?"

Nikamwambia nitarudi kesho kutwa, nimemletea leso. Akauliza jina lake nini. Nikamwambia, MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE.

"Hiyo," akasema, "nitaivaa siku hiyohiyo."